Salfa mmegawa, barakoa je?

Wadau, salamu kutoka Masasi. Nilikuja huku kufuata habari ya bei ya korosho, narudi na kikohozi.

Sitanii. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa shambani kwa mzee mmoja, njia ya kwenda Newala. Salfa ya unga hupulizwa mapema, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Kijana wa kibarua akabeba mashine mgongoni, ikanguruma. Wingu la manjano likapanda kwenye mkorosho, kisha likatushukia sote. Puani kijana alikuwa na nini? Kipande cha kanga!

Nikamuuliza mzee kuhusu barakoa. Akacheka. "Mjukuu wangu, salfa tumeizoea."

Tusielewane vibaya, sipingi salfa. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho; 1986/87 zikabaki kama 16,500. Bei mbaya na kuhamishiwa watu vijijini vilichangia, na ubwiri unga ukamalizia. Salfa ilisaidia kuinua mikorosho, hadi 2017/18 tukavuka tani 300,000. Ninachouliza ni hiki: kama tunaweza kuhesabu mifuko ya kilo 25 ya salfa ya ruzuku, mbona hatuhesabu pua zinazoipuliza?

Labda tunadhani barakoa ni kitambaa tu. Si kweli. Kanga imefumwa, na unga laini unapita katikati ya nyuzi zake. Kichujio cha barakoa nzuri hakifumwi. Plastiki iitwayo polipropilini huyeyushwa, husukumwa kupitia vitundu vidogo mno, na hewa ya moto yenye kasi huivuta iwe nyuzi za mikroni chache, nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Nyuzi hizo hutua kwenye ngoma inayozunguka na kunasana zenyewe kuwa utando. Utando huo ukitiwa chaji ya umeme, vumbi hunasa humo. Kwa salfa ya unga, barakoa ya namna hiyo ikikaa vizuri usoni ni kinga ya kweli.

Ila mikorosho hupuliziwa pia dawa za maji, na mvuke hauzuiwi na utando mtupu. Hapo ndipo wenzetu walipotumia akili: nyuzi zikiwa bado hewani, hunyunyiziwa chembe za mkaa maalumu. Nyuzi huzikamata bila gundi, hivyo vitundu vya mkaa havizibwi, navyo hufyonza mvuke. Kampuni ya 3M ilipata hataza ya utando wa aina hii Marekani mwaka 1976. Takriban nusu karne! Na mkaa huo mara nyingi hutokana na vifuu vya nazi. Vifuu, jamani! Vile tunavyochochea moto.

Najua mtasema wakulima hawapendi barakoa, eti zina joto. Njoo Newala alfajiri ya Julai bila sweta, halafu unisimulie habari ya joto.

Mwingine atasema wajinunulie. Sawa. Na salfa mbona hamkuwaachia wajinunulie? Jibu mnalo: bila salfa hakuna korosho, na bila korosho hakuna ushuru wa kuzisafirisha nje. Mapafu ya kibarua hayana ushuru.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomdai mwajiri vifaa vya kinga. Haya, mwajiri wa kijana yule ni nani? Mzee ambaye mwenyewe hana barakoa?

Pendekezo langu halihitaji semina wala posho. Anayepokea salfa apokee na barakoa za vumbi za kutosha msimu mzima. Anayepuliza dawa za maji apate kipumulio chenye kichujio cha mkaa kinachofaa dawa hiyo, na aonyeshwe namna ya kukivaa. Viandikwe kwenye orodha moja na salfa, visainiwe, vikaguliwe. Kiwanda cha kuvitengeneza hapa nchini tukijadili baadaye, ila tukijadili.

Mzee anasema wameizoea. Kuzoea si kupona.