Si mkono wa mtu unaozima sauti

Tangu miezi miwili neno moja linatembea katika internati yetu: "Kuna mtu anazima sauti ya mashini." Mnalijua wote. Asubuhi mwalimu wa Kiingereza anaingia katika sale ya ordinatere, anataka wanafunzi wasikilize mazungumzo, na mashini ni bubu. Anapandisha sauti, somo linaendelea. Kesho yake, bubu tena. Basi wakubwa wakasema ni utundu, na ufunguo wa sale ukaondolewa kwetu sisi wa mwaka wa tano tuliokuwa tunaulinda jioni. Leo tunaandika kusema kwamba hakuna mtu. Hatusemi hivyo kwa kujitetea bure, tumepima.

Kwanza tumkumbuke anayeumia kweli. Siye tukikosa ufunguo tunakosa mazoezi, ni hasara, lakini tuna macho. Iko ndugu yetu wa mwaka wa tatu ambaye haoni maandishi. Yeye anatumia programu inayoitwa Orca, ambayo inamsomea kwa sauti maneno yaliyo kwenye ekrani. Sauti ikizimwa, kwake mashini imekufa. Hawezi hata kutafuta fasi ya kuiwasha, maana fasi yenyewe anaijua kwa kusikia. Lazima angoje mtu mwenye macho. Na sasa jioni hakuna mtu, sababu sale imefungwa.

Tuje kwenye kazi. Mashini zetu sita ni za zamani, zinatumia Linux ya Debian. Ndani ya Linux, kinachosema na kadi ya sauti kinaitwa ALSA. Kadi yenyewe haina akili ya kukumbuka: umeme ukiondoka, inasahau kama ilikuwa juu au chini. Kwa hiyo vipimo vyake vinaandikwa katika faili moja, /var/lib/alsa/asound.state. Vinaandikwa lini? Hapa ndipo hata sisi tulidanganyika. Haviandikwi kila mara unapopandisha sauti. Vinaandikwa wakati mashini inapozimishwa kwa utaratibu, na ikiwaka tena inasoma yale iliyoyaandika. Ukiikatia umeme ghafula, haiandiki kitu, na kesho inasoma habari ya zamani.

Tulimwomba mwalimu ruhusa ya kujaribu mbele yake. Tulifungua alsamixer. Chini ya Master tulikuta MM, maana yake imefungwa. Tukabonyeza M, ikawa OO, tukaweka sauti 80. Tukazimisha vizuri, tukawasha: OO, 80. Halafu tukapandisha mpaka 90 na kuchomoa waya ukutani. (Mwalimu alifumba macho, nasi tunakiri kwamba si tabia nzuri kwa diski.) Tukawasha: 80. Hakuna mwanafunzi aliyegusa kati ya 90 na 80, tulikuwa watu watano tunaangalia.

Kisha tukaangalia tarehe ya ile faili katika mashini nyingine kwa ls -l. Katika nne ilikuwa siku moja ileile: siku ya mtihani wa mwisho wa kipindi kilichopita, wakati tuliamriwa wote kuzima sauti, na kila mmoja akazimisha mashini yake kwa utaratibu chini ya macho ya msimamizi. Tangu siku ile mashini zile hazikuzimishwa vizuri hata mara moja. Kila jioni saa tatu gurupu inakatwa na zote zinakufa pamoja zikiwa zinawaka. Asubuhi zinasoma amri ya siku ya mtihani: nyamazeni.

Papa anayelinda gurupu hana kosa, hakuna aliyemwambia. Sisi ndio tuliozoea kuondoka tukisema kuran itazimisha yenyewe.

Mashini ya sita ina ugonjwa wake. Ina kadi mbili, moja ya oparleri na moja ya HDMI inayopeleka sauti kwenye ekrani, na ekrani yetu haina oparleri. Siku nyingine kadi ya HDMI inatangulia kuhesabiwa, inakuwa namba 0, na sauti inakwenda mahali pasipo masikio. Ukiandika cat /proc/asound/cards utaona nani ametangulia. Dawa ni mstari mmoja katika /etc/modprobe.d, wa kusema index=1,0 kwa snd_hda_intel, ili namba zisibadilike kila siku. Wenye mashini mpya nyumbani wasishangae kama mambo ni tofauti: nyingi zina PulseAudio au PipeWire juu ya ALSA, nazo zinaweka kumbukumbu yao katika folda ya kila mtumiaji.

Tunajua mmoja wetu alipigisha muziki kwa nguvu mwezi wa kumi. Aliadhibiwa, na ilikuwa haki. Lakini kesi ile si kesi hii.

Tunaomba Bwana Prefe mambo haya. Kengele ipigwe dakika kumi mbele ya saa tatu, tupate kuzimisha mashini. Mwalimu aweke sauti ya kila mashini, halafu aandike sudo alsactl store. Hapo faili inaandikwa papo hapo bila kungoja kuzimishwa. Neno la siri la msimamizi hatuliombi, abaki nalo yeye. Kazi hiyo kwa mashini zote sita haimalizi robo saa. Na ufunguo, kama hatuaminiwi bado, apewe mwalimu wa zamu, lakini sale ifunguliwe kuanzia saa kumi na mbili. Mtihani wa ndugu yetu ni juma lijalo, na maandishi yake ya historia yamo katika mashini ya pili.