Mathe Aliacha Dawa ya Mifupa, Akabaki na Poda

Leo sina kichekesho. Leo ni mifupa ya mama zetu, na najua wengi mtapita tu mkisema hiyo ni stori ya wazee. Ngojeni kidogo.

Mwaka jana mathe aliteleza bafuni hapa kwetu Section 58. Hakuanguka vibaya. Aliweka tu mkono chini ajizuie, kifundo kikavunjika. Ana miaka 64. Daktari akasema mtu akivunjika kwa kuanguka kidogo hivyo, mfupa wenyewe ulikuwa umeshadhoofika. Kupimwa, ni osteoporosisi. Akarudi nyumbani na dawa mbili: alendroneti ya miligramu 70, tembe moja kwa wiki, na tembe za kalsiamu zenye vitamini D za kila siku.

Miezi minne baadaye natafuta chaja kwa droo yake, napata pakiti ya alendroneti karibu yote bado iko. Juu ya kabati kuna mkebe wa poda ya "mifupa na viungo", shilingi 4,500, aliuziwa na mama mmoja wa chama.

"Mathe, mbona uliacha dawa?"

"Ilikuwa inanichoma kifua. Na hii poda iko na kalsiamu, magnesiamu, zinki, vitamini D, vitamini K. Hiyo ya hosi iko na nini? Kitu moja tu."

Halafu akaniambia kitu kilichoninyamazisha. Mwaka mmoja nyuma nililipwa nitangaze poda ya aina hiyo hiyo. Nilisimama na mkebe mkononi, nikasema "mifupa ya chuma", nikachukua pesa yangu. Sikuuliza swali hata moja. Mathe alikuwa akiwaonyesha wenzake wa chama hiyo video, na fahari juu, ati kijana wangu anajua hii mambo.

Kwa hivyo nikisema hapa kuna watu wanapotosha mama zetu, mimi niko kwa hiyo orodha.

Maoni yangu ni haya: saplimenti ni chakula cha mfupa. Si tiba ya osteoporosisi, na anayeiuza kama tiba anamfanya mgonjwa aache dawa inayofanya kazi.

Angalia hapa mtaani vile flati zinamea. Mfupa uko hivyo, kila siku kuna fundi anajenga na kuna mwingine anabomoa sehemu iliyochakaa. Mwanamke akikoma hedhi, homoni ya estrojeni inashuka, na ile homoni ndiyo ilikuwa inawashika mkono wabomoaji. Sasa wanabomoa haraka kuliko wajenzi wanavyojenga. Kalsiamu ni mchanga na simiti. Unaweza kumwaga lori kumi za mchanga kwa ploti, lakini kama wabomoaji wanafanya kazi usiku na mchana, utabaki na rundo la mchanga. Alendroneti ndiyo inawapunguza kasi hao wabomoaji.

Na hii si nadharia. Mwaka 1996 Marekani kulitoka utafiti wa wanawake 2,027 waliokoma hedhi na tayari walikuwa na pingili za mgongo zilizovunjika. Kulikuwa na makundi mawili. Wengi wa makundi yote mawili, wale ambao chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo, walipewa kalsiamu na vitamini D. Kundi moja likaongezewa alendroneti, lingine tembe isiyo na dawa. Baada ya miaka kama mitatu, waliovunjika nyonga kwa kundi la dawa walikuwa nusu ya wale wengine, na pingili mpya zilizovunjika zilikuwa karibu nusu pia. Saplimenti wengi wa makundi yote mawili walikuwa nayo. Tofauti ilikuwa ile "kitu moja tu" ambayo mathe aliidharau.

Mwaka 2006 ukatoka mwingine mkubwa zaidi, wanawake zaidi ya 36,000, karibu wote wanawake wa kawaida tu ambao hawakuchaguliwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Walipewa miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D kila siku kwa miaka saba, wakalinganishwa na wasiopewa. Nyonga zilizovunjika hazikupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Mawe kwa figo yaliongezeka kwa asilimia 17.

Sasa msikimbie mkatupe tembe za kalsiamu. Hapo ndipo watu wa mtandao hukosea, wakisikia kitu hakitibu wanasema hakina maana. Bila simiti fundi hawezi kujenga. Na kuna dawa nyingine kali za mifupa, kama ile drip ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka au sindano ya denosumabu ya kila miezi sita, ambazo ukizipata vitamini D yako ikiwa chini sana, kalsiamu ya damu inaweza kushuka mpaka ikawa hatari. Daktari akiandika zote mbili, anamaanisha zote mbili.

Shida ni vile zinatumiwa. Mathe alikuwa anameza alendroneti na chai ya maziwa, halafu anarudi kulala kidogo. Kwani kuna mtu alimweleza? Aliandikiwa "1 kwa wiki", basi. Hiyo tembe inataka tumbo tupu asubuhi, glasi nzima ya maji matupu, halafu ukae wima au usimame nusu saa au zaidi kabla ya kula kitu chochote. Ukilala, inarudi juu na kuchoma koo. Hapo ndipo kifua kilikuwa kinachomeka! Na ukiimeza na maziwa, na kalsiamu, au na poda yenye madini kumi, vinaishikilia tumboni na inapita tu. Yaani zile siku chache aliimeza, pengine hakupata kitu isipokuwa maumivu.

Kalsiamu ngoja baadaye, wakati wa chakula. Ile ya kaboneti, ambayo ndiyo utapata kwa duka nyingi za dawa, inafyonzwa vizuri na chakula, na si zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, LAKINI hiyo ni pamoja na anachokula. Kikombe cha maziwa kina karibu 300. Ongeza uji wa wimbi, omena unayotafuna na mifupa yake, sukuma. Spinachi msinidanganye nayo, kalsiamu yake nyingi haitoki. Sisi tunaishi katikati ya maziwa ya Molo, Njoro na Olenguruone, halafu tunatoa 4,500 kwa mkebe.

Vitamini D ni yuniti 600 mpaka 800 kwa siku kwa umri huo, labda daktari aseme vingine. Na msifikirie nyingi ndiyo nzuri. Australia walijaribu kuwapa wanawake wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mpigo mmoja kila mwaka, matokeo yakatoka 2010: walianguka zaidi na wakavunjika zaidi ya wale ambao hawakupewa.

Sisi wa Nakuru tungekuwa wa kwanza kuelewa hii. Angalieni meno yetu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, mpaka Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ikawa inatengeneza vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe kuisafisha. Floraidi ni madini, na inafanya mfupa uwe mzito. Miaka ya nyuma madaktari waliijaribu hata kama tiba ya osteoporosisi. Utafiti wa 1990 ulionyesha mifupa ya mgongo ilizidi uzito kwa asilimia 35, picha safi kabisa, lakini pingili hazikuacha kuvunjika, na mifupa mingine ilivunjika zaidi. Mfupa uliojazwa madini ovyo ni kama tofali lililochomwa kupita kiasi.

Wenzangu wa kutengeneza video, tukiletewa mkebe tuulize hivi: kuna mgonjwa anaweza kuacha dawa kwa sababu yangu? Mimi ile video niliifuta, na nikaweka nyingine nikieleza kwa nini. Ilipata watazamaji wachache sana kuliko ya kwanza, lakini mama watatu wa chama wameniuliza kuhusu dawa zao. Nikawarudisha kwa madaktari wao.

Mathe alirudi kliniki. Siku hizi Jumapili saa kumi na mbili asubuhi namsikia akizunguka kwa nyumba na glasi ya maji, redio juu, akingoja nusu saa iishe ndiyo apike chai. Kifua hakimchomi. Ile poda alienda nayo kwa daktari, akahesabiwa kalsiamu iliyo ndani, akaambiwa akiitumia apunguze tembe za kalsiamu. Anaikunywa jioni mpaka iishe. Anasema 4,500 haitupwi.