Sefu ya Silaha ni Deni kwa Jirani



Sisi wa Gungu, kama wenzetu wa Ujiji na wa pwani yote hii ya ziwa, hatuwezi kuzungumza juu ya silaha kama watu wanaosimulia habari za mbali. Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa nchini Burundi, na tena mwaka 1996 vita vilipolipuka ng'ambo ya ziwa, maelfu ya watu walivuka kuja kwetu kutafuta uhai. Tuliwapokea, na tulifanya vema. Lakini vita vya majirani vilizipatia bunduki njia, majini na msituni, hata ikafika wakati mabasi ya Kasulu na Kibondo yakawa yanasindikizwa na askari, na wavuvi wakaporwa injini zao usiku ziwani. (Si haki kuwatwika wakimbizi mzigo huo. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuikimbia mitutu hiyo.)

Hofu ya namna hiyo ndiyo inayomfanya mfanyabiashara au mwenye shamba aombe leseni ya bastola au ya shotigani. Hatuandiki ili kumhukumu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamruhusu raia kumiliki silaha akitimiza masharti, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu zisimamie uhifadhi ulio salama. Swali letu ni dogo: ikishanunuliwa, silaha hiyo inalala wapi?

Mara nyingi inalala chini ya godoro, juu ya dari, au kabatini katikati ya vitenge. Hapo mwizi hupatafuta kwanza, na mtoto hupafahamu kabla ya mwizi. Bunduki ikiibwa katika nyumba ya mtu mwadilifu haibaki na uadilifu wake. Kesho yake imekwisha kuwa ya jambazi, na atakayeelekezewa ni dereva, mwenye duka au mvuvi ambaye hakuombewa ruhusa yoyote. Ndiyo maana tunasema kwamba sefu ni deni ambalo mwenye silaha anadaiwa na jirani yake, na kwamba linapasa kulipwa kabla silaha yenyewe haijaingia nyumbani. Asiyeweza kununua sefu bado hajaweza kununua bunduki.

Ni sefu ipi basi? Mwaka 1996, baada ya mtu mmoja kuua watu 35 huko Port Arthur, serikali za Australia zilikubaliana masharti ambayo yafaa kuazimwa. Kasha liwe la chuma, au la mbao ngumu nene isiyotobolewa kwa urahisi. Likiwa na uzito chini ya kilo 150, lifungwe kwenye sakafu au ukuta. Risasi zikae mbali na silaha, nazo chini ya kufuli.

Waliopanga masharti hayo, tunadhani, hawakuwa wakifikiria nyumba za matofali mabichi. Boliti iliyopigiliwa katika ukuta wa tope hung'oka kwa mtaimbo mmoja, na wezi wawili huondoka na sefu nzima begani, waifungue kwa nafasi yao huko porini. Kwa hiyo kazi ianzie chini. Chimbeni pembe ya chumba cha ndani, mwageni zege lenye nondo, na boliti zikazwe kutoka ndani ya sefu ili aliye nje asizifikie. Bila zege hilo, sefu ya bei kubwa kutoka Dar es Salaam ni sanduku la kumrahisishia mwizi ubebaji.

Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kutengeneza kasha zuri, ila wasipewe bati jembamba linalobonyea kwa kidole. Bawaba zifichwe ndani, na mlango uingie ndani ya fremu ili mtaimbo usipate pa kuuma. Kitasa kinunuliwe kando, kifungwe baadaye, ili fundi asiwe amewahi kushika funguo zake. Sefu nyingi za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya fedha na hati: shotigani haiingii, na zile za kuzuia moto hutunza unyevu. Katika hewa hii ya ziwa, chuma kisichopakwa mafuta na kukaguliwa mara kwa mara kitashika kutu humo humo ndani.

Tunawasikia wanaouliza: jambazi akija saa nane za usiku, nitaifungua saa ngapi? Hoja hiyo tunaiheshimu, maana wanaoitoa wengine wamekwisha kuvamiwa. Kitasa cha tarakimu hufunguliwa upesi na mkono uliozoea. Lakini jambazi huenda asije kamwe, ilhali mtoto yumo nyumbani kila siku, na hasira ya mume na mke haipigi hodi. Amri ya Tano haikuweka kando kifo kilichotokana na uzembe.

Kuhusu ufunguo, tusidanganyane. Ufunguo unaoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango umekwisha kuifungua sefu. Ukae na mwenye leseni peke yake, na tarakimu zisiwe mwaka wake wa kuzaliwa, ambao mtaa mzima unaujua.

Limebaki jambo moja ambalo wanaume hawapendi kulitaja. Leseni hutolewa kwa mtu. Hairithiwi kama shamba. Baba akifariki, mjane hubaki na kasha asiloweza kulifungua, na mashemeji wanaotaka kujua kilichomo. Mwenye silaha na amweleze mkewe, angali mzima, kwamba siku hiyo asimwite fundi wala shemeji. Aende kituo cha polisi, na kasha lifunguliwe mbele ya askari na mwenyekiti wa mtaa.