Yafaa Tuilazimishe CorelDRAW?

Tangu mashine za chumba chetu cha kompyuta zilipoondolewa Windows na kutiwa Linux, ubishi haujaisha hapa shuleni. Wenzetu wa chama cha wachoraji wanalalamika kwamba wamenyang'anywa CorelDRAW, na bila CorelDRAW, wasema, hapana kadi ya arusi, hapana bango, hapana hata jalada la gazeti hili. Wengine wamekwisha anza kutafuta njia za kuiendesha programu hiyo kwa nguvu ndani ya Linux. Nao wanafunzi wa zamani wametuletea habari kwamba wako tayari kutuchangia fedha, na wanatuuliza zitumiwe kwa kazi gani. Mimi nina maoni yangu, nami naomba nafasi niyatoe.

Yafaa kwanza waliotoka shuleni zamani waelezwe sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti yake: yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana. Mashine zetu ni za msaada, zilikuja zikiwa zimekwisha tumika kwingine, wala hazitimizi masharti hayo. Basi ilikuwa ama kuzitupa ama kuzitia mfumo mwingine, nasi tukatiwa Ubuntu. Nionavyo mimi, shule ilifanya vema. Wala si mara ya kwanza Linux kuingia katika shule za Rwanda. Zile kompyuta ndogo za XO, nyeupe na kijani, zilizoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2008, zilikuwa na Linux ndani yake, ingawa watoto waliozitumia hawakuambiwa jina hilo. Tena neno Ubuntu halihitaji kufasiriwa hapa Niboye. Na tukisema "ku buntu" kwa Kinyarwanda, kila mtu ajua kwamba hatalipa kitu.

Sasa nizitazame njia za kulazimisha. Ya kwanza ndiyo wanayoipenda wenzangu, nayo yaitwa Wine. (Kwa Kiingereza neno hilo ni divai, na katika shule ya misioni nimekwisha sikia vichekesho vya kutosha juu yake.) Programu ya Windows ikitaka kufungua dirisha, au kusoma faili, au kupeleka kazi kwenye printa, huomba kwa lugha ya Windows. Wine hukaa katikati kama mkalimani, huyapokea maombi hayo na kuyageuza yawe ya Linux. Kazi hiyo ilianza mwaka 1993, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2008, yaani baada ya miaka 15. Muda huo peke yake waonyesha ugumu wake. Mkalimani hufasiri maneno aliyokwisha jifunza, lakini mengi katika Windows hayakuelezwa kwa watu wa nje, ikawabidi wenye Wine kuyachunguza moja moja. Kwa hiyo programu za zamani aghalabu hukubali. Zile mpya, zinazodai akaunti na kuthibitisha leseni kwa intaneti, mara nyingi hukwama hata kabla hazijafunguka.

Mwaka 2008 Google iliilipa kampuni ya CodeWeavers ili Photoshop CS2 iende vizuri zaidi katika Wine. CS2 ilikuwa imetoka mwaka 2005. Fikirini basi: kwa fedha za Google, kilichopatikana ni kitu cha miaka 3 nyuma. Sisi tutapata cha mwaka gani?

Na Corel yenyewe ilikwisha ijaribu safari hii. Kampuni hiyo ya Kanada ilitoa Linux yake mwaka 1999, na mwaka 2000 ikatoa CorelDRAW 9 kwa ajili ya Linux, iliyotumia kazi ya Wine. Haikudumu. Mwaka 2001 Corel iliiuza Linux yake kwa wengine. Sidhani kwamba walikosa ufundi. Nadhani hawakuona faida. Lakini ikiwa wenye programu, wenye siri zake zote, waliiacha njia hiyo, sioni kwa nini vijana wawili wa shule yetu wakeshe nayo kwa muda wa wiki 3, na huku bango la michezo halijachorwa.

Njia ya pili ni VirtualBox, yaani kuunda mashine ndani ya mashine na kuitia Windows nzima. Hii yafanya kazi kweli, sikatai. Lakini Windows 11 yataka kumbukumbu ya gigabaiti 4 kwa nafsi yake, na mashine zetu zina gigabaiti 4 kwa jumla. Linux itakula nini? Na leseni ya Windows bado itatakiwa.

Ya tatu haisemwi kwa sauti, nayo ni nakala zilizovunjwa kufuli, zinazopita mkono kwa mkono katika flashi. Rwanda ina sheria ya kulinda kazi za ubunifu. Kama sheria haitutishi, basi tukumbuke flashi iliyonunuliwa katika duka moja mjini wakati wa likizo, iliyotuletea virusi katika mashine 6 kwa siku moja. Sitaki kuongeza neno.

Iko hoja moja ya wenzangu ambayo ni nzito, nami siwezi kuikwepa. Wasema: "Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia kutoka. Si wote watakaokwenda chuo kikuu. Mtu akienda kuomba kazi katika duka la chapa, hapa Kicukiro au kule mjini, swali la kwanza ni, je, wajua Corel?" Ni kweli. Nami nina wadogo wanne nyumbani, na swali hilo lanihusu kama linavyowahusu wao.

Hata hivyo, mtambo wa chapa hauulizi mchoro ulitoka wapi. Hutaka faili safi, na faili ifaayo ni PDF, ambayo tangu mwaka 2008 ni kanuni ya kimataifa. Bango la michezo lilichorwa mwishowe kwa Inkscape. Mpiga chapa alidai kwanza faili ya Corel, akanuna kidogo, kisha akaichapa PDF yetu. Inkscape ina upungufu, sifichi: hufanya kazi kwa rangi za kioo cha kompyuta, RGB, na wino wa chapa ni CMYK, kwa hiyo kijani kikali chaweza kutoka kimefifia. Dawa yake ni kuimalizia kazi katika Scribus, ambayo yajua rangi za wino, na kuzigeuza herufi ziwe michoro ili zisibadilike kwenye mashine ya mwingine. Mtu aliyeyafahamu hayo, na kujua mstari wa kupinda huundwaje, ataizoea Corel kwa wiki chache. Lakini aliyekariri tu kwamba kitufe fulani kiko upande wa kushoto, siku kitufe kikihamishwa hana kazi.

Zimebaki faili za Corel zinazoletwa na wateja. Inkscape na LibreOffice Draw huzifungua, lakini pengine herufi huhama na rangi hupotea, wala haziwezi kuzihifadhi tena kwa namna ya Corel.

Kwa hiyo naomba hivi kwa ndugu zetu wa zamani. Kama twaitaka CorelDRAW, tuipe nyumba yake yenyewe: mashine moja iliyo mpya kiasi, yenye Windows ya halali na leseni ya Corel iliyolipiwa, na wa mwaka wa sita waitumie kwa zamu katika muhula wao wa mwisho. Fedha zitakazobaki zinunue kumbukumbu za kuongeza katika mashine za zamani, na kulipia karatasi za majaribio kwa mpiga chapa, maana rangi haijifunzwi kwa kutazama kioo. Wine ibaki kwa mwenye kupenda kuichezea Jumamosi.

Kamati ya chumba cha kompyuta itakutana juma la mwisho la muhula. Wenye maoni mengine, hasa walioajiriwa katika kazi ya chapa, wamwandikie mwalimu wa kompyuta kabla ya siku hiyo, nasi tutazisoma barua zao mbele ya wote.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita