Maelezo Yaliyopungua Chini ya Picha

Mjukuu wangu mmoja anaishi Uingereza, katika mji wa Leicester. Alipokuja likizo Desemba iliyopita aliniletea zawadi mbili: koti zito la baridi, ambalo hapa Mwanza sijui nitalivaa lini, na kitabu cha picha. Koti nalishukuru. Kitabu ndicho kilichoninyima usingizi, na ndicho nitakachokisema vibaya katika kurasa hizi, ingawa najua kwamba mwenyewe atazisoma.

Kitabu hicho hakikununuliwa dukani. Mjukuu wangu ni mwanachama wa chama kidogo cha wapiga picha wa ridhaa. Ni watu wa kazi zao, dereva wa basi, muuguzi, fundi bomba, mhasibu, ambao siku za mapumziko huzimaliza kwenye uzio wa viwanja vya ndege za kijeshi na katika majumba ya makumbusho, wakipiga picha za ndege za vita na vifaru. Kila mwaka kila mmoja huleta picha anazozipenda kuliko zote. Wenzake huzitazama, huzisifu na kuzikosoa. Kisha zile zilizopendwa zaidi huchapwa pamoja, na kila mtu akapata nakala yake. Kitabu cha safari hii kina picha 62.

Nianze kwa kuwapa maksi wanazostahili, kwani miaka 38 ya kushika chaki imenifundisha kwamba mwanafunzi aliyekosa jibu la mwisho huenda njia yake ilikuwa sahihi mpaka mstari wa tano. Watu hawa wana subira ambayo vijana wetu wengi wangeiazima. Huko Wales, karibu na mji wa Dolgellau, kuna mabonde ambamo marubani wa kijeshi hufanya mazoezi ya kuruka chini kwa chini. Wapiga picha hupanda mlimani alfajiri, mvua ikiwanyea, wakangoja saa nyingi ili ndege ipite chini yao waipige picha kwa juu. Siku nyingine haipiti hata moja, wakarudi nyumbani na mafua. Kuna na ujuzi. Nimeelezwa kwamba ndege ya zamani yenye rafadha, yaani yale mapanga yanayozunguka puani mwake, ikipigwa picha na mgeni wa kazi mapanga hutoka yamesimama, ndege ikawa kama sanamu iliyotundikwa kwa uzi. Mzoefu huiacha kamera ifumbue macho kidogo zaidi, labda sehemu moja ya 125 ya sekunde, huku akiifuata ndege kwa kiwiliwili chake chote. Mapanga hutoka kama duara la ukungu, na ubavuni misumari ikahesabika mmoja mmoja. Kazi hiyo naiheshimu.

Wala asinidhanie mtu kwamba mimi ni wa kundi la wanaoona jasusi nyuma ya kila kamera. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa huko Kalamata, Ugiriki, kwa sababu ya mchezo huu huu wa kufuatilia ndege za kijeshi. Walikaa mahabusu wiki kadhaa. Aprili 2002 wakahukumiwa, baadhi yao miaka mitatu kwa kosa la ujasusi, na kabla mwaka huo haujaisha mahakama ya rufani ikawaachia. Ilikuwa vigumu kwa wakubwa wa kule kuamini kwamba mtu mzima anaweza kulipa nauli kutoka Uingereza kwenda kuandika namba za ndege daftarini kwa kujifurahisha tu. Mimi naamini, kwa kuwa ninaye mmoja katika ukoo wangu. Sitaki wakamatwe, sitaki kamera zao zichukuliwe. Ugomvi wangu nao ni wa kialimu: naona wamejibu nusu ya swali, kisha wakajipa maksi zote.

Tazama maelezo waliyoyaandika chini ya picha zao. Jina la ndege, kiwanda kilichoitengeneza, aina ya injini, namba iliyoandikwa mkiani, kikosi chake, uwanja, tarehe, hata lenzi iliyotumika. Mtu akikosea herufi moja ya namba ya mkiani, wenzake humwandama kama nyuki. Nimesoma maelezo yote 62, miwani puani, siku mbili mfululizo. Hakuna hata mahali pamoja palipoandikwa ndege ile iliwahi kumfanyia nani nini. Kifaru cha Kijerumani aina ya Tiger, namba 131, kimeelezwa vizuri kwamba kilitekwa Tunisia mwaka 1943 na kwamba ndicho pekee cha aina yake kinachoendeshwa hadi leo, pale Bovington. Ndege kubwa ya B-52 imepigwa picha ikiruka Fairford, moshi mweusi nyuma yake, na maelezo yanasifu moshi. Mwaka 2003 ndege za aina hiyo ziliruka kutoka uwanja huo huo zikiwa na mabomu ya kwenda kuangushwa Iraq. Hilo halikuonekana kuwa na uzito wa kuandikwa, na moshi umeandikwa.

Basi nikafika ukurasa wa 37.

Hapo kuna ndege moja nyeupe, ndefu, nyembamba kama dagaa, injini zake mbili zimeinuka pembeni ya mkia kama masikio ya sungura. Kweli ni nzuri, sitasema uongo. Maelezo yanasema ni Tupolev Tu-22, ndege ya mabomu ya Kisovieti, ambayo nchi za NATO ziliipa jina la Blinder. Imepigwa picha kwenye makumbusho ya Monino karibu na Moscow, asubuhi, baada ya theluji kuanguka. Mjukuu wangu akaniambia, “Babu, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote za mwaka huu, ingawa siyo mimi niliyeipiga.”

Nikamwuliza kama anajua kwamba ndege ya aina hiyo ilikuja hapa. Akafikiri natania.

Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana hapa Mwanza. Vita na Idi Amin vilikuwa vimeanza Oktoba 1978, majeshi yake yalipovuka mpaka na kuingia Kagera. Sisi walimu tulichimba mahandaki pembeni ya uwanja wa shule pamoja na wanafunzi wa darasa la sita na la saba, na usiku tulizima taa. Mwishoni mwa Machi 1979, majeshi yetu yakiwa yamekwisha kuikaribia Kampala, Gaddafi aliyekuwa akimsaidia Amin alituma ndege moja ya Tu-22 kuja kupiga matangi ya mafuta ya mji huu. Ikakosa, tena ikakosa kwa mbali. Iliyapiga maeneo ya kisiwa cha Saanane, pale mbele ya mji, ambapo tangu 1964 palikuwa na bustani ya wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa, na swala kadhaa wakafa.

Swala, ndugu msomaji. Watu wa mji walicheka baadaye, na mimi nilicheka, kwa sababu aliyenusurika hucheka. Lakini wanafunzi wangu hawakucheka. Kila mwaka tulikuwa tukiwavusha kwa boti kwenda kuwaona wanyama wale, na kwa wengi wao swala wa Saanane ndiye mnyama wa kwanza wa porini waliyemwona kwa macho yao. Mtoto mmoja wa kike aliniuliza darasani, “Mwalimu, swala waliwakosea nini?” Nilimwambia akae chini tuendelee na hesabu. Sikuwa na jibu, na hadi leo naona haya kwamba nilimkalisha chini. Tena tuseme ukweli: kama rubani yule angekuwa hodari wa shabaha kama alivyo hodari mpiga picha wa Monino, mafuta yangewaka na mji ungewaka nayo, na huenda kitabu hiki kisingekuwa na wa kukisema vibaya.

Mjukuu wangu alinisikiliza kwa adabu, kisha akanijibu kama mtu aliyesoma. “Lakini Babu, hii ya Monino siyo ile iliyokuja Mwanza.” Ni kweli, siyo ile. Ni ndugu yake wa tumbo moja. Wasovieti waliiuza aina hiyo kwa Libya na Iraq, na kwa ajili ya kazi ile ile. Akasema tena, “Picha ni ya chuma tu. Chuma hakina siasa. Hata mapanga ya zamani yamo makumbusho, watu wanayapiga picha, na hakuna anayeuliza yalimkata nani.”

Jibu lake la kwanza nalikubali, la pili nalikataa kabisa. Hayo mapanga ya zamani hatuulizi kwa sababu waliokatwa hawana tena mtu wa kuwalilia. Swala wa Saanane wanaye, ni mimi. Na kuna watu Iraq na Serbia na Chad ambao wao hawalilii swala. Jambo la kwamba chuma hakina siasa lingekuwa na maana kama kitabu kingekuwa cha matrekta. Kifaa kilichobuniwa ili kiue, kikanunuliwa ili kiue, huwezi kukieleza kwa ukamilifu ukaacha kuua nje ya maelezo. Ni sawa na mwanafunzi aandike insha juu ya jembe, ataje urefu wa mpini na uzito wa chuma, asitaje shamba.

Nimesema hawa ni watu wa ridhaa, na huenda utasema nawaonea wanyonge. Sivyo, wamefuata mfano wa wakubwa wao. Picha iliyoshinda mwaka huu, ukurasa wa 12, ni ya Enola Gay, B-29 namba 44-86292, katika makumbusho ya Udvar-Hazy huko Virginia, Marekani. Imepigwa kutoka njia ya juu, bati lake limesuguliwa hadi linaakisi taa za darini. Hiyo ndiyo ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1995 makumbusho ya taifa ya Marekani yalitaka kuionyesha pamoja na habari na vitu vya watu waliounguzwa. Wanajeshi wastaafu na wabunge wakapiga kelele, maonyesho yakafutwa, na mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu. Ilipowekwa nzima Virginia, Desemba 2003, kibao chake kilieleza ukubwa na ufundi wake, kikataja na Hiroshima, lakini hakikutaja waliokufa. Jiji la Hiroshima linakadiria kwamba hadi mwisho wa 1945 walifikia kama 140,000. Baadhi ya walionusurika, wazee wa makamo yangu haya, walisafiri kutoka Japani hadi pale kulalamika. Kibao hakikubadilishwa. Mpiga picha wetu naye kanakili urefu wa mabawa.

Mjukuu wangu alinitajia mahali pamoja panapomtetea, nami sitamficha. Duxford, karibu na Cambridge, mbele ya jumba la ndege za Kimarekani, vimesimamishwa vioo vilivyochorwa ndege 7,031. Kila mchoro ni wa ndege ya Kimarekani iliyoruka kutoka Uingereza katika Vita Kuu ya Pili isirudi. Nilimwambia hilo ni jambo la heshima, ingawa hata hapo kinachochorwa ni ndege, tena ni wafu wa upande mmoja. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba muuguzi katika chama chao alileta picha ya vioo hivyo, uso wa mzee mmoja umeonekana ndani ya kioo katikati ya ndege. Haikupigiwa kura. Walisema si picha ya ndege.

Labda lugha yetu nayo ina lawama. Ndege kwetu ni yule anayeimba mtini, na ni ile inayoangusha bomu. Mzinga ni wa nyuki, kisha ni wa kupasua ukuta. Kifaru tumemwazima porini. Tumevipa vitu hivi majina ya viumbe visivyo na hatia, na mtoto anayesikia maneno hayo kwa mara ya kwanza hawezi kuogopa. Lakini aliyewahi kulala handakini anaogopa hata hivyo, jina liwe zuri namna gani.

Sidai wengi. Nadai mstari mmoja. Chini ya kila picha, baada ya injini na namba na lenzi, uongezwe mstari unaosema chombo hiki, au vya aina yake, vilitumika wapi, lini, na nini kilitokea chini yake. Mpiga picha asipojua, atafute, kama anavyotafuta namba ya mkiani. Hao ndio watu wenye uwezo wa kutafuta kuliko wote niliowahi kuwasikia. Mwenye kujua kikosi cha ndege ya mwaka 1943 hawezi kuniambia kwamba hajui mabomu yake yaliangukia mji gani.

Nilimpa kalamu mjukuu wangu, nikamwambia aanze na ukurasa wa 37. Alisitasita, kwa maana kuchafua kitabu kile kwake ni kama kuandika ukutani msikitini. Mwishowe aliandika, kwa Kiingereza, akanitafsiria: ndege ya aina hii ilirushwa dhidi ya Mwanza, Tanzania, Machi 1979; mtu mmoja alijeruhiwa; swala walikufa. Nikamwambia kwamba “ilirushwa” haitoshi, aseme na nani aliyeirusha. Akaongeza.

Februari alinipigia simu. Alikuwa amelipeleka shauri langu kwenye chama, wakabishana jioni nzima. Wengi walikataa, eti kitabu kitakuwa cha huzuni na wao wanakutana kufurahi. Waliokubali ni watatu: yeye, muuguzi, na dereva wa basi, ambaye baba yake alizaliwa Basra. Watatu hao wataandika mstari wao mwaka huu chini ya picha zao wenyewe, wengine wafanye watakavyo.

Yeye anataka picha yake iwe ya Saanane, ambayo tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, na hapa nyumbani ni safari ya dakika chache. Nimemwambia aje Julai, alete lenzi yake ndefu. Swala wako. Nauli ya boti nitalipa mimi.