Chura wa Kihansi Alihitaji Kipimo cha Mapema

Wapo wananchi ambao hadi leo hucheka wasikiapo kwamba fedha na maarifa ya Taifa yametumika kwa ajili ya chura. Kicheko hicho hakikosi sababu. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa kuzalisha umeme wa megawati 180, na chura mwenyewe hafikii urefu wa sentimita tatu. Hata hivyo, yaliyompata chura huyo yana funzo kwa kila ofisa anayeidhinisha matumizi ya maabara.

Chura wa Kihansi alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1996. Makao yake duniani kote yalikuwa eneo la hekta chache katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, lililoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo mwaka 2000, rasharasha zilipungua, ikalazimu kufunga mabomba ya kunyunyizia. Mwaka huo huo vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Katikati ya mwaka 2003 waliobaki korongoni walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wametoweka, na mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hawapo tena porini.

Ni nini kilichowaua? Wengine walitaja upungufu wa maji. Wengine walitaja dawa za mashambani zilizosombwa kutoka bwawani. Wengine walitaja kuvu iitwayo kitridi, iliyotambuliwa katika vyura waliokwisha kufa mwaka 2003. Mabishano yalikuwa marefu, na si ajabu: maiti huthibitisha kwamba ugonjwa ulikuwapo, lakini haisemi uliingia lini wala kwa njia gani.

Kuvu hiyo hushambulia ngozi, na kwa chura ngozi si vazi tu. Kwa ngozi hunywa maji, na kwa ngozi hulinda chumvi za damu yake. Chumvi hizo zikipungua mno, moyo husimama. Tangu mwaka 2004 kipo kipimo cha uhakika: kijiti chenye pamba husuguliwa tumboni, mapajani na katika vidole vya chura aliye hai, naye huachiwa aende zake. Maabarani chembe za urithi za kuvu, hata zikiwa chache sana, hurudufishwa hadi zihesabike. Hivyo maambukizi huonekana kabla chura hajaonyesha dalili yoyote.

Vyura 100 walirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2010 na kupokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ilianza. Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 2014 wanasayansi walitoa taarifa ya kuonekana kwa kuvu ile ile katika vyura waliokuwa wakifugwa Kihansi kwenyewe. Adui alikuwa angali mlangoni, na safari hii alitambuliwa kwa kipimo.

Kwa hiyo ni kosa kuuhesabu upimaji kama shughuli ya mradi, ifanywe wafadhili wakiwapo na ikome wakiondoka. Kemikali za maabara huisha muda wake, mashine huhitaji fundi, na kijana aliyesomeshwa kazi hiyo huhamia kwingine asipopewa cheo wala vifaa. Hayo ni mambo ya fungu la kawaida la bajeti. Hati ya kuomba vijiti na kemikali isilale mezani miezi sita kwa kuwa tu mgonjwa ni chura.

Walimu nao wanahusika. Mwanafunzi anayehamisha vyura au viluwiluwi kutoka kijito kimoja hadi kingine kwa ajili ya somo la baiolojia aweza kuhamisha kuvu bila kujua, na viatu vyenye tope hufanya vivyo hivyo. Kuvu hii haivumilii ukavu. Viatu na nyavu vikioshwa kwa dawa ya klorini na kuanikwa vikauke kabisa kabla ya kuingia bonde jingine, kazi kubwa imefanyika, na haigharimu zaidi ya ndoo moja na saa chache za jua.