Kapeti la gari Bariadi ni la nini?

Wadau, hivi nani alituambia lazima gari liwe na kapeti? Masika ukiacha lami ya Bariadi ukashika njia za vijijini kule Itilima au Meatu, kila abiria anapanda na ule udongo mweusi wa mbugani kwenye viatu. Kapeti linalowa, sponji ya chini inakaa na maji siku kadhaa, bati linaoza kimya kimya. Na viti na mikanda vimefungwa kwenye bati hilo hilo! Wengine wanatandika plastiki juu, yaani wanafungia unyevu ndani kabisa.

Mimi nasema ling'olewe. Kutu ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, ipakwe praima, kisha ile rangi nzito ya poliyurethani wanayopaka kwenye bodi za pikapu. Ukipaka juu ya kutu umeificha tu. Fundi avae maski ya kemikali (ya kitambaa haisaidii kitu), maana mvuke wake unaharibu mapafu.

Kelele na joto vitaongezeka, sibishi. Lakini tope unalifuta kwa ndoo moja ya maji. Nyie wenye michomoko, mara ya mwisho kufunua kapeti mkaangalia bati ilikuwa lini?